Unaenda kusoma Ustawi wa Jamii mwaka huu? Majibu ya maswali yenu

Kipindi hiki cha kusubiri vyuo vifunguliwe meseji zinakuwa nyingi na mimi nafurahi, kwa sababu hii kazi ya ustawi wa jamii naipenda na natamani wanaoingia waje wamejiandaa. Nimechagua chache. Mimi niko hapa Dodoma mjini kwaiyo mifano mingi ni ya huku.

Shikamoo dada. Nimemaliza HGL, nina D mbili na E moja. Digrii ya ustawi wa jamii naipata? Niko Kondoa.

Marahaba mdogo wangu. D mbili zinafikia kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), maana D ni pointi 2 na wanataka jumla ya pointi 4 kwenye masomo mawili. Ila chuo chenyewe kinaweza kuweka masharti ya juu zaidi, kwaiyo fungua mwongozo wa TCU uangalie kozi moja moja, usimwachie kila kitu anayekujazia fomu steshenari. Ukikosa usikae nyumbani, soma diploma, ukitoka na GPA ya 3.0 unaomba tena digrii, na kusema ukweli wengi waliopitia diploma hawababaiki fildi, yaani kwenye mafunzo ya vitendo.

Baba mdogo ndo ananisomesha. Anasema ustawi ni kozi ya kusuluhisha ndoa za watu na haina ajira, bora maendeleo ya jamii. Nimjibuje?

Kwanza anayetoa ada ana haki ya kuuliza, usimkasirikie. Mweleze taratibu. Afisa maendeleo ya jamii mara nyingi utamkuta na vikundi, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Afisa ustawi anakaa na mtu au familia iliyokwama: mtoto ametelekezwa, bibi hana wa kumwangalia, mgonjwa kalazwa hospitali ya General hana ndugu hana hata mia, kijana wa miaka 15 kakamatwa na kesi yake iko Mahakama ya Watoto, hapo hakimu anataka ripoti ya afisa ustawi, huyu mtoto anaishi na nani, anakula wapi, shule aliacha kwa nini. Ndoa zipo ni kweli, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite baraza la usuluhishi kabla talaka haijafika mahakamani na ofisi zetu zinapokea sana hizo kesi. Ila ni kipande tu cha kazi.

Kuhusu ajira sitakudanganya, nafasi za serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira na mnaogombania ni wengi. Lakini kuna hospitali, magereza, makao ya watoto, makazi ya wazee kama Sukamahela kule Manyoni, kuna mashirika. Ninavyoona mimi, anayewahi kupata ni yule aliyekuwa anajitolea tangu likizo za chuo mpaka watu wakaijua kazi yake. Mwambie hivyo hivyo bila kupamba.

Nina miezi miwili kabla ya kuripoti. Nisome nini, ninunue nini?

Kununua tumalize haraka, kama laptopu mpaka ukope basi iache kwanza, daftari gumu na simu inayofungua PDF vinakuvusha semesta ya kwanza.

Kusoma, tafuta Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 uisome yote hata kama nusu huielewi. Utaona mtoto ni aliye chini ya miaka 18, nani ana wajibu wa matunzo, mahakama inamsikilizaje. Saikolojia na sosholojia utazikuta huko huko. Takwimu ndo inawatesa wengi, kama hesabu uliziacha kidato cha nne rudia asilimia, wastani na grafu.

Alafu andika, hapa ndo nasisitiza kuliko pote. Kila siku chukua jambo moja uliloliona, labda soko la Majengo, labda kwenye daladala, liandike nusu ukurasa, ulichoona peke yake, ulichoambiwa peke yake, unachodhani peke yake. "Baba ni mlevi" sio kitu ulichoona. Ulichoona ni kwamba alifika ofisini saa 3 asubuhi ananuka pombe, na jirani ndo kasema kila siku yuko hivyo. Ripoti inayochanganya hivi vitu inaweza kumtoa mtoto kwao kwa maneno ya jirani mwenye ugomvi wa kiwanja. Andika kwa Kiswahili na Kiingereza, maana chuoni utafundishwa kwa Kiingereza na fildi utarudi kwa Kiswahili.

Na ujifunze kusikiliza bila kuahidi. Kaa na mtu mzima mmoja wa mtaani kwenu, muulize swali moja, usimkatishe, usimpe ushauri. Ni ngumu jamani! Mama anakuuliza "mtanisaidia?" na mdomo unataka kusema ndiyo, kumbe msamaha wa matibabu anaoutaka wewe huna mamlaka nao, na ukishamwangusha mara moja harudi tena.

Ukiweza nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri yenu uombe hata kupanga mafaili. Wakikukatalia kuingia kwenye kesi, wako sahihi, ni siri za watu.

Nililelewa kwa ndugu na nilipigwa sana, ndo maana nimechagua kozi hii. Naogopa nikikutana na mtoto kama mimi nitashindwa.

Pole sana mdogo wangu, na asante kwa kuniamini. Sababu yako ni nzuri, na huna deni la kumsimulia mtu yeyote darasani. Ila anza kuongea na mshauri sasa, usisubiri yakutoke kwa mara ya kwanza mbele ya mteja. Vyuo vina washauri nasaha, na hospitali ya Mirembe hapa Dodoma wanatoa huduma za afya ya akili, watu wanapaogopa jina tu. Ukifika fildi mwambie msimamizi kesi za vipigo uanze kwa kukaa pembeni, ndo kazi yake kukupangia. Na kama saivi kuna mtoto unajua anapigwa, usisubiri digrii, piga 116, ni bure.

Mkopo wa chuo nianzie wapi?

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo pia. Kisha mdhamini, kisha saini za mtaa au kijiji. Na uje na akiba, boom, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, mara nyingi haikusubiri getini.

Natokea Tanga, nimepangiwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), sijui Kigogo.

Mjini Kiswahili kinatosha. Ukienda vijijini fildi, ukiwasalimia wazee "mbukwa" watakupokea vizuri, ila kwa mazungumzo yenyewe omba mkalimani mtu mzima, usimtumie mtoto wa nyumba hiyo kutafsiri matatizo ya wazazi wake. Njoo na sweta, Juni na Julai huku ni baridi na upepo. Chumba ukikosa hosteli wengi wanapanga Ng'ong'ona, ulizia kwanza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki kabla hujalipa kodi.