Shangazi, saa za usiku ndizo pekee zilizo zangu

*Shangazi, shikamoo. Nina wiki tatu kwenye kazi mpya. Naamka saa 11 alfajiri lakini nalala saa 7 usiku, maana usiku ndipo napata kusoma na kuandika shajara. Saa hizo ndizo pekee zilizo zangu. Jumamosi nalala hadi saa 6 mchana, Jumapili usiku usingizi siupati. Juzi simu ilinidondokea usoni nikiwa naperuzi. Niache mambo yangu yote?*
*Mchovu wa Jumatatu*

Marahaba, mwanangu. Usiache.

Hapo uliposema saa za usiku ndizo zako pekee, nilirudia kusoma. Huo si uvivu. Kutwa nzima unatumwa, usiku ukifika unadai chako, na unachokidai unakikata kwenye usingizi. Unalala kwa muda wa saa 4 tu, wakati mtu mzima anahitaji zisizopungua 7.

Jumamosi ndiyo inayokuponza zaidi. Saa ya mwili hufuata mwanga wa asubuhi. Ukiukosa hadi mchana, mwili nao unachelewa kuhesabu siku, ndiyo maana Jumapili usiku unabaki macho makavu. Kwa hiyo usianze kwa kujilazimisha kulala mapema, utaishia kukodolea dari. Anza na kuamka. Jumamosi jiongezee saa moja, si zaidi, kisha toka nje ukaone jua. Baada ya siku kadhaa usingizi utaanza kukufuata wenyewe.

Shajara ihamishe. Ukirudi kazini, kabla hujabadili nguo, keti uandike, hata mistari mitano. Utaniambia umechoka. Andika hivyohivyo, hata neno la kwanza likiwa "nimechoka". Hapo utakuwa umeshapata chako kabla giza halijaingia, na usiku hautakuwa na deni la kukudai. Kusoma kubaki kitandani, ila kitabu kiwe cha karatasi na taa hafifu. Simu ilale chumba kingine. Kama ndiyo inayokuamsha, tafuta saa ya kengele.

Na kahawa ikome mchana. Ile ya saa 10 jioni, nusu ya kafeini yake inaweza kuwa bado mwilini saa 3 usiku.

Wiki kadhaa zikipita na bado unakesha, muone daktari. Ukijikuta unasinzia kwenye usukani, usingoje hata siku moja.

Niandikie mwezi ujao, mwanangu. Nataka kusikia Jumapili yako imelalaje.