Kwa mhandisi mpya wa barabara za wilaya: anza na maji

Mdogo wangu uliyepangiwa ofisi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wilayani, hongera na karibu kazini. Kabla hujaomba gari ukakague mtandao wa barabara, elewa kwanza fedha utakazosimamia zinatoka wapi.

Fedha nyingi za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, ambao hujazwa hasa na tozo ya mafuta. Kijana wa bodaboda anayeweka lita moja pale sheli ameshakuchangia. Kwa miaka mingi mgawanyo wa mfuko ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS, wenye barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa barabara za wilaya. Julai 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zetu. Ahueni tuliiona. Lakini mtandao wetu unazidi kilomita 144,000, na sehemu kubwa bado ni udongo mtupu. Fedha hazitoshi, na kazi yako kubwa itakuwa kuamua zianzie wapi.

Mimi nasema zianzie kwenye maji. Mtaro ukiziba, maji hupanda barabarani, hufuata mkondo wa matairi, na masika moja tu hutosha kuipeleka mtoni changarawe yote uliyomwaga kiangazi. Kwa hiyo ukiwa na fedha za kuchonga kilomita kumi kwa greda, au kilomita nne zenye mitaro, michepuo ya maji na makalavati, chukua hizo nne. Kumi zitapendeza hadi mvua ya kwanza.

Diwani hatafurahi, kwa sababu wananchi wake wanasubiri greda. Usimkwepe. Mwombe mkakague pamoja mvua ikiwa inanyesha, aone kwa macho yake maji yanakatia wapi. Huyo ndiye atakayekutetea kwenye baraza. Kumbuka pia kwamba hadi TARURA ilipoanza mwaka 2017, barabara hizi zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na wapo madiwani ambao hilo bado linawauma. Mpe kila mmoja taarifa ya kazi za kata yake bila kusubiri aulize: mkandarasi ni nani, mkataba ni wa kiasi gani, kazi inaisha lini. Ni haki yake, na ni haki ya waliomchagua.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mvua haisubiri zabuni. Nyaraka zako ziwe tayari Mei na Juni, ili Julai uzipandishe kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, na mkandarasi alete mitambo kiangazi hakijaisha. Ukiwa Ruvuma au Rukwa, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kuchelewa miezi miwili ni kuupoteza mwaka mzima. Greda likiingia kwenye matope linaharibu kuliko linavyotengeneza, na fedha imeshatumika.

Hati ya malipo usiisaini ukiwa mezani. Nenda na sururu na rula. Kama mkataba unasema sentimita 15 za changarawe baada ya kushindiliwa, chimba vishimo katikati na pembeni, upime mbele ya mkandarasi. Nalisisitiza hili kwa sababu sentimita tano zikikosekana, hazionekani kwa macho, ila mwananchi amezilipia.

Kufyeka nyasi na kuzibua makalavati wape vikundi vya kijamii vya vijiji vinavyopitiwa na barabara. Walipe kwa wakati. Mama anayezibua kalavati mbele ya nyumba yake hataruhusu mtu alijaze takataka.

Na mtu akikwambia kila korongo linahitaji kalavati la zege, kwanza uliza kama kuna mawe karibu. Kigoma wamejenga madaraja ya mawe ya upinde kwa mafundi wa hukohuko na mawe ya hukohuko, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo, na malori yanapita juu yake. Watafute wenzako wa kule kabla hujaandika makisio yako ya kwanza ya daraja.