Ngumi Ingoje, Kwanza Waanguke

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwalimu mpya aliyekabidhiwa darasa la watoto la karate, judo au taekwondo aanze kuwafundisha nini? Nadhani wengi watajibu nidhamu. Sina ugomvi na jibu hilo, ila nidhamu haifundishwi kwa kuitajataja. Mimi ningemwambia aanze na kuanguka. Ngumi na mateke yatangoja, hata kama watoto wamekuja kwa ajili ya hayo tu.

Mtoto akisukumwa akayumba kinyumenyume, mkono wake hukimbilia nyuma kudaka sakafu. Uzito wote unaishia kwenye kifundo cha mkono au kiwiko, na hapo ndipo mifupa inapovunjika. Kichwa nacho kinafuata, maana kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na shingo bado changa. Wanajudo walilijua hili zamani. Kuanguka, ambako wao huita ukemi, ndilo somo la mwanzo kabisa. Mwalimu wa karate au taekwondo asione haya kuliazima. Mtoto huyo huenda asipigane na mtu maisha yake yote, lakini kuanguka ataanguka.

Msianze wima. Walale kwanza chali kwenye mkeka, kidevu kifuani, kisha wapige mkeka kwa viganja na mikono yote mpaka karibu na kiwiko, mikono ikiwa imeachana kidogo na mbavu. Ukisema "kidevu kifuani", nusu ya darasa watakuwa wamesahau kabla hujafika mwisho wa mstari. Sema "angalia fundo la mkanda wako", utaona vichwa vyote vinainuka vyenyewe. Wakizoea, waanguke kutoka kukaa, halafu kutoka kuchuchumaa, na kusimama kuje mwisho. Ukiona mtoto bado anatupa mkono nyuma, mrudishe hatua moja kimyakimya, bila kumfanya kielelezo mbele ya wenzake. Wala usiwe na haraka hapa: wanaipenda sana kelele ya kupiga mkeka, hawatachoka upesi.

La pili ni kuacha. Chagua neno moja, yame au matte ya Kijapani au "acha" tu, na neno hilo likitamkwa kila kiungo kigande. Lifundishe kwa mchezo wa kukimbizana kabla ya kuwakutanisha wawili wawili. Darasa lisiloweza kuganda haliko tayari kurushiana hata teke moja. Pamoja na hilo wafunze kwamba mwenzako akikupigapiga kwa kiganja unamwachia papo hapo, bila kuuliza. Kukaba shingo na kukunja viungo si mambo ya wadogo, yaache kabisa.

Wapo watakaosema huku ni kuilegeza sanaa. Basi wamkumbuke mwalimu wa karate Anko Itosu. Alipoingiza karate katika shule za Okinawa, kisiwa cha Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, aliandaa kata tano za Pinan (kata ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa), fupi na nyepesi kuliko nyingi za zamani, ili wanafunzi waziweze. Wafuasi wa mtindo wa karate wa Shotokan wanaziita Heian, na hadi leo watu wazima wenye mkanda mweusi wanazitolea jasho.

Kuhusu mashindano, usikubali kusukumwa. Mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani, nchi iliyozaa mchezo wenyewe, lilifuta mashindano yake ya kitaifa ya watoto wa shule za msingi, likieleza kuwa tamaa ya kushinda kwa vyovyote imezidi mipaka. Mzazi akikuuliza lini mwanawe ataanza kupigana, mweleze hilo kwa upole.

Yaliyobaki ni ya kiufundi, lakini ndiyo yanayomwangusha mwalimu mgeni. Adui yako mkubwa ni foleni. Watoto kumi wakisubiri kupiga pedi moja, tisa wanatafuta la kufanya, na la kufanya hawatalikosa. Wapange wawili wawili kwa uzito na kimo, si kwa umri. Wenye miaka minane hawafanani hata kidogo. Maelezo yawe sentensi moja, kisha watende. Unapoonyesha ukiwa umewaelekea, tumia mkono wako wa kushoto huku ukisema "kulia", kwa kuwa wao wanakuiga kama kioo. Na mtoto anayegoma, mwache akae pembeni ya mkeka, ila mpe kazi, kwa mfano ahesabu kwa sauti. Mara nyingi atainuka mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi wapya hawaambiwi na mtu. Kabla ya kumshika mtoto bega au nyonga umrekebishe, mwombe ruhusa, naye akikataa mwonyeshe kwa mwili wako mwenyewe. Mlango ubaki wazi na wazazi wakaribishwe kutazama. Mtoto wa mwisho akicheleweshwa kuchukuliwa, usibaki naye peke yako. Mwombe mwalimu mwenzako au mzazi mmoja asubiri nanyi mpaka wa kwao afike.