Saini ya picha kwenye PDF, kwa mnaoanza kazi za afisi

Wadogo zangu mnaoanza kazi za afisi, hasa nyinyi mlioko Pemba na bosi yuko mjini Unguja na mkataba unatakiwa leo leo, hili la kutia saini kwenye kompyuta mtakutana nalo mapema tu. Zamani karatasi ilipanda boti, sahivi mtu anakwambia nitumie PDF nisaini.

Kuitengeneza hio picha ya saini si kazi. Karatasi nyeupe isiyo mistari, kalamu nyeusi ya wino mzito (biki ya bluu kwenye picha hupauka), tia saini kadhaa uchague ilotoka vizuri, piga picha mchana karibu na dirisha simu isitie kivuli, kata pembeni, toa ule weupe wa nyuma useve PNG (aina ya faili la picha linaloweza kukaa bila ya weupe huo). Kwenye Word ipange picha ikae mbele ya maandishi, la si hivyo inakusukumia mistari yote chini. Kama waraka ni PDF tayari, Adobe Reader ya bure ina sehemu ya kujaza na kusaini, hakuna haja ya kuprinti usaini uskani tena, mi wanaofanya hivyo naona wanamtajirisha bure mwenye fotokopi.

Sasa sheria, hapa tulizaneni. Ile picha peke yake haina nguvu mnayoidhania, kwani yeyote mwenye faili anaweza kuichomoa akaibandika kwengine. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13 ya 2015, iliyopitishwa Dodoma, kifungu cha 6 kinasema pale sheria inapotaka saini, basi saini ya kielektroniki iliyo salama inatosha. Cha 7 ndo kinaeleza hio salama ni ipi: iwe mahsusi kwa matumizi hayo, imtambulishe aliyesaini, awe ameitia mwenyewe na iwe mikononi mwake, na iungane na waraka kiasi kwamba kitu kikibadilishwa baadae kinajulikana. Haya, PNG iliyokaa kwenye desktopu ya kompyuta ya afisi ambayo kila mtu anaifungua, inapita wapi hapo?

Haina maana mkataba wenyewe umekufa. Watu wamekubaliana, wamelipana, kazi imefanyika, nani atauliza saini. Tabu inaanza siku mmoja akisema "hii si mimi niliyosaini", na hapo kinachokuokoa ni yale yaliyouzunguka waraka, yaani imeli aliyotuma mwenyewe kutoka anwani yake akasema nimesoma nimesaini mkataba huu hapa, tarehe na saa yake, na faili lile lile halijaguswa. Imeli hizo msizifute hata sanduku likijaa, na whatsapp msiitegemee peke yake, simu hupotea.

Tena kuna hili la bosi kukwambia "we nitilie tu saini yangu, si unayo". Kila afisi wapo. Usibishane nae, mwambie kwa adabu, bosi naomba uniandikie ruhusa ya waraka huu, na kila waraka uwe na ruhusa yake.

Mkipata kazi hoteli za Kiwengwa zenye wenyewe Wataliana mnaweza mkarejeshewa waraka mkaona mnaonewa. Hamuonewi. Umoja wa Ulaya una kanuni inaitwa eIDAS, namba 910 ya 2014, saini za kielektroniki ziko za ngazi tofauti, na ile ya juu, yenye cheti kutoka kwa mtoaji aliyeidhinishwa, ndo iliyotamkwa kuwa sawasawa na ya mkono. Picha yako kwao ipo ngazi ya chini kabisa, kwa hio ulizeni mwanzo wanataka ipi. Hata afisi za hapa hapa ulizeni, maana nyengine bila ya orijino na mhuri hawakusikilizi.

Ama kiwanja, wosia na hati ya uwakala, hizo msijaribu kabisa kwa PNG. Ardhi si jambo la Muungano, ina sheria zake Zanzibar, nendeni kwa wakili na kalamu na mashahidi wenu.