Muulize Mwalimu: Mto Uliokuwa wa Buluu

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 42, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa na kitabu cha hadithi za wanyama. Mle ndani sungura anavuka mto kwa kukanyaga migongo ya mamba, huku akijifanya anawahesabu. Nilikisoma mpaka kikachanika. Hadi leo nikipatana bei na wanunuzi, wanaume wanne wamenizunguka kila mmoja anavuta kwake, sungura yule hunijia kichwani, nami naanza kuhesabu migongo.

Mwezi uliopita nilikiona kitabu kilekile kwa muuza vitabu vya mitumba, nikakinunua kwa shilingi 3,000. Kufika nyumbani nikafungua ukurasa wa mto. Mwalimu, miaka yote mto ule mimi nauona wa buluu, una mawimbi, na ng'ambo yake kuna mawe makubwa. Kumbe picha ni wino mweusi mtupu, mistari mitatu ya maji na kichaka cha nyasi! Jiwe hakuna hata moja. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Je, nilikuwa najidanganya? Halafu binti yangu wa miaka tisa anataka kuipaka rangi picha hiyo. Nimemkatalia, maana kitabu kingine sitakipata. Nimekosea?

Mama Watatu, Kirumba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mumeo mwache acheke, kicheko hakipunguzi mtaji.

Hukujidanganya. Mchoraji alikupa mistari mitatu, wewe ukatia ziwa. Maji makubwa uliyoyajua ni haya ya hapo Kirumba, na ng'ambo ukaweka mawe kwa sababu Mwanza ukitazama popote unaona mawe. Ungekulia Dodoma, mamba wale wangelala kwenye korongo la mchanga wakisubiri mvua.

Na mimi yalinipata. Nililelewa Mabatini ya Mwanza, chini, karibu na mto Mirongo. Mwaka 1976, nikiwa darasa la sita, kabati la shule lilikuwa na nakala moja ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Jalada halikuwapo, na kurasa za mwisho mtu alikwisha kuzichana, nadhani kwa kufungia karanga. Habari yenyewe ni ya nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, naye anajitetea siku sita kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema, malipo yao yakawa kifungo. Kwangu nchi hiyo haikuwa mbali. Asubuhi, moshi wa kuni ukilala bondeni, nyumba zilizojengwa juu ya mawe zilibaki zinaelea. Nikajua ndiko huko. Mfalme nilimpa nyumba yenye bati jekundu.

Hukumu ya Karama sikuijua, kwa ajili ya zile karanga. Basi jioni nikawa nawatungia wadogo zangu. Jumatatu ananyongwa, Jumanne anatoroka kwa mtumbwi. Mtumbwi angani! Hawakuuliza. Nilipokuja kuusoma mwisho wenyewe, niko sekondari, nikakuta ameachiwa huru. Nilifurahi, ila mtumbwi wangu ulikuwa mtamu zaidi.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu. Siku moja nikaletewa mvulana wa darasa la nne kashikwa ukosi, eti kaiba hela ya mandazi ya mwenzake, darasa zima linapiga kelele achapwe. Nikamwambia, kaa, sema yako mpaka umalize. Alianzia kwa bibi yake Sengerema, akaja taratibu, dakika ishirini nzima. Hela ilikutwa ndani ya soksi ya aliyelalamika. Wenzangu walinitania kwamba ofisini kwangu kesi huchukua siku sita. Hawakujua wamelenga wapi.

Lakini sungura wako namwogopa kidogo. Ni mjanja, anashinda kila mara, na hakuna ukurasa unaowauliza mamba walijisikiaje baada ya kukanyagwa. Natumaini debe lako la dagaa halijabonyezwa tumboni.

Utaniuliza, kwa nini kitabu cha utotoni king'ang'anie hivyo? Mimi nina ushahidi wa macho yangu tu. Ng'ambo hapo, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Miaka 35 inasubiri! Nilipoisoma nilikuwa tayari mtu mzima mwenye chaki mkononi. Ziwa limo, uvuvi umo, ugomvi wa wakwe umo, kila kitu kimewekwa mahali pake kwa mkono wa mtu anayekijua. Naipenda na huirudia. Ila sijawahi kuiota. Kusadikika bado naiota, na bati bado ni jekundu. Laiti kabati letu lingekuwa na Myombekere mwaka ule wa 1976, sijui ningetunga mtumbwi wa namna gani.

Sasa binti. Mpe kitabu, mwanangu, na penseli za rangi umnunulie. Najua shilingi 3,000 inauma, na ukurasa ukishapakwa haurudi. Lakini usikae karibu naye ukimwambia mto ni wa buluu. Yeye anashuka mwaloni siku hizi magugumaji yakiwa yamejaa mpaka kwenye mitumbwi, huenda akaupaka kijani. Akimaliza, niandikie tena uniambie ni rangi gani, na kama ng'ambo ameweka mawe.