Usipande hilo basi kesho

Mkuu, usiende. Hiyo ndiyo salamu yangu.

Nimeisoma mada yako mara mbili nikiwa dukani, nikafunga kabla ya saa zangu nije nikujibu nikiwa nimetulia, ingawa kutulia kwenyewe bado. Umesema miezi 8 sasa unasali na unaona kama unaongea na dari, mkeo hajui, mtoto yuko darasa la kipaimara anakuuliza maswali, na unaomba utajiwe vitabu vinavyothibitisha kwamba Mungu yupo. Nimeyaona yote. Lakini kilichonitoa jasho ni sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama jambo dogo: kwamba kesho Ijumaa saa 12 asubuhi unapanda basi kwenda mlimani kwa mtumishi fulani, siku 7 kavu, na shilingi milioni 3 za mbegu, yaani sadaka ya kumpa mtumishi ili upokee, "ili Mungu ajidhihirishe nimalizane na hili jambo".

Tuanze na hizo siku 7. Siku 7 bila tone la maji ni kifo, mkuu, hakuna jina lingine. Mwaka 2023 pale Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Usiwaone wajinga wale. Walikuwa watu wenye kiu ya uhakika kama hiyo yako, wakakutana na mtu aliyekuwa tayari kuwaelekeza.

Mimi nilikwenda. Ni mwaka 2017. Nauza mbao Mafinga, nimezaliwa kwenye Ulutheri, baba yangu alikuwa mwinjilisti aliyetembea kwa miguu kusalisha mitaa mitatu mpaka magoti yalipokataa. Shaka yangu haikuletwa na msiba. Watu hupenda kusikia kwamba alikufa mtu ndipo imani ikayumba, lakini kwangu hakufa mtu. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, tumesimama kukiri imani, nikafika "Namwamini Mungu Baba, Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi", nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiyatamka yale maneno nami nikiwa siyumo. Nikamaliza kukiri na wenzangu, nikakaa. Tangu siku ile mlango fulani ndani yangu ukawa wazi, upepo unaingia usiku na mchana.

Nikasoma sana. Mvua ikinyesha wateja wa mbao hawaji, kwa hiyo mtu unasoma. Nilizisoma njia tano za Thomas wa Akwino, yule mwanateolojia wa zamani, za kuonyesha kwamba Mungu yupo, nikazielewa, na mchana zilinisaidia. Saa 9 usiku hazikunisaidia. Na huyo Thomas mwenyewe, inasimuliwa kwamba Desemba 1273 aliweka kalamu chini, akasema yote aliyoyaandika anayaona kama majani makavu. Sisemi usisome. Ila kilichokuwa kinaniuma mimi kilikuwa njaa, na njaa haiondoki kwa kuelezwa chakula ni nini.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na watu wa kuwaambia. Nilikuwa na mke, nilikuwa na mchungaji wa usharika. Nikamwendea mtu ambaye jibu langu lingemwingizia pesa. Naandika haya yote kwa ajili ya hilo moja, hata ukisahau mengine: shaka yako ipeleke kwa mtu asiyefaidika na jibu lako. Asiyepata sadaka ukiamini, wala sifa ukiamini, wala ushindi wa kubishana ukiacha kuamini.

Yule mtumishi aliniweka kwenye kiti cha plastiki, akanishika mkono, akaniambia nina roho ya kutokuamini iliyoshuka kwa upande wa baba. Kwa upande wa baba! Yule mzee wa mitaa mitatu! Nilipaswa kuinuka palepale. Sikuinuka, kwa sababu mtu mwenye kiu ukimwonyesha ndoo haulizi maji yametoka wapi. Akanifungulia Waamuzi 6, habari za Gideoni na ngozi ya kondoo. Gideoni alidai ishara, akapewa. Na wewe dai, utapewa, lakini usiende mbele za Bwana mikono mitupu. Nimeirudia sura ile mara nyingi tangu hapo. Gideoni alipoikuta ngozi imelowa umande na nchi kavu, hakutosheka. Usiku wa pili akaomba kinyume chake, ngozi iwe kavu na nchi ilowe. Ishara ya kwanza haikuwa imemtibu. Na hakuna nabii aliyemwambia ailipie. Ngozi ilibaki yake.

Mimi nililipa shilingi 4,600,000. Kati ya hizo, 1,800,000 ulikuwa mkopo wa mke wangu kutoka VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, nilimwambia naufuata mzigo wa mbao Sao Hill. Siku 21 za mfungo, tatu za mwisho kavu, chini ya turubai na watu kama mia tatu. Nilianguka siku ya 20. Nikatundikiwa dripu kwenye zahanati ya jirani, mganga akaniambia figo zimeanza kuelemewa, nikarudishwa mlimani jioni ileile ili nisikose usiku wa kupokea.

Usiku wa kupokea ukafika. Sikupokea kitu. Nilisikia jenereta, nikasikia watoto wakikohoa, nikawasikia watu wanalia. Nilingoja kwa moyo wangu wote, mkuu, hilo uniamini. Sijawahi kumtaka mtu au kitu chochote duniani kama nilivyomtaka Mungu usiku ule.

Halafu nikaitwa mbele. Nikapewa maiki. "Waambie Bwana amekutendea nini." Mtumishi yuko pembeni, bahasha yangu ilishapokelewa, watu mia tatu wananitazama, na wengi wao walikuwa wamechoka kama mimi.

Nikasema nimemsikia. Nikasema ameniita kwa jina langu.

Turubai lilipasuka kwa shangwe. Huo ndio uongo mkubwa niliowahi kuusema maishani, na niliusema nikishika kitu walichokiita madhabahu. Kufunga hakukunigharimu hivyo, wala zile milioni 4.6. Pesa nilizitafuta upya. Lakini pale mbele palikuwa na kijana wa bodaboda tuliyekuwa tukilala mkeka mmoja. Naye alikuwa na shaka, na kwa sababu ya ushuhuda wangu alirudi nyumbani akauza pikipiki yake, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza mkataba, akarudi mlimani na pesa yote kutafuta nilichokipata mimi.

Nilikutana naye stendi baada ya miezi minne, anabeba mizigo ya abiria. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, ile sauti uliyoisikia ilikuwaje? Maana nilikaa mpaka mwisho sikusikia, nikajua tatizo ni mimi."

Eti tatizo ni yeye! Nilimwambia ukweli palepale, katikati ya makelele ya wapiga debe. Alinyamaza, akachukua begi la mama mmoja akaenda nalo. Nimemlipa kidogo kidogo mpaka 2021, pesa na mbao alizojengea chumba, na siku hizi tunasalimiana vizuri. Lakini lile swali lake silipiki. Ndiyo maana nimekasirika kukuona unakwenda kukaa kwenye mkeka uleule. Na ndiyo maana nina hasira na yule mtu mpaka leo, kwa sababu alijua. Mtu anayekuwekea Mungu tarehe ya kusema, akakukabidhi maiki tarehe ikifika, anajua utasema nini. Mkate wake unategemea wewe usiseme "sijasikia".

Kuna kitu kingine alinificha. Alitufundisha sana juu ya Eliya pangoni, upepo, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo ya utulivu, 1 Wafalme 19. Kila usiku sauti ndogo, sauti ndogo. Hakuwahi kutusomea mwanzo wa sura hiyohiyo. Eliya amekaa chini ya mti jangwani anaomba afe. Anachopewa kwanza ni usingizi. Kisha malaika anamgusa, amka ule, kuna mkate na maji kichwani pake. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, ule tena, safari ni ndefu. Mkate na maji, mara mbili, kabla ya sauti yoyote. Sisi tulinyimwa maji na kuambiwa tusikilize.

Umeuliza kama umwambie mkeo. Nikueleze yaliyonipata kwangu. Wanawake wa VICOBA walikuja nyumbani Jumanne kuulizia rejesho, na mambo yote yakatoka. Nilitegemea apige kelele. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. Kisha akaniuliza swali moja, "Na Mungu umempata?" Nikasema hapana. Akakaa kimya kitambo, akasema, "Mwaka ule mimba ilipotoka, miezi 14 sikuamini kitu. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza kila Jumapili, wewe uko benchi la tatu unanisikiliza."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungenipeleka kuombewa."

Ni kweli, ningempeleka. Miaka yote ile tulilala kitanda kimoja, kila mtu na upepo wake, na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye imani ya nyumba. Mama Teresa wa Calcutta, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kufa kwake, watu walishangaa kuona alivyoishi kwenye ukavu miongo kwa miongo, anasali na haoni kitu. Mimi kilichonishangaza ni kwamba aliwaandikia. Aliwaambia mapadre wachache waliomlea kiroho, wakaubeba pamoja naye. Hakuna aliyempa maiki.

Baada ya mke wangu nilikwenda kwa mwinjilisti mmoja mstaafu, aliyefanya kazi na baba. Mzee ana mbuzi watano na redio. Nikamwambia yote, hata uongo wa ushuhuda. Hakunitolea pepo. Alisoma Zaburi 88 mwanzo mpaka mwisho, polepole, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Kaisome. Zaburi nyingine za kilio huinuka mwishoni, hii haiinuki, inaishia gizani. Akafunga Biblia akasema, "Hii nayo waliiacha humu." Kisha tukaenda kufunga mbuzi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Hakuniuliza kama sasa naamini, wala hajaniuliza mpaka leo.

Mwingine alikuwa dereva wa fuso, Mwislamu wa Tanga, tulikuwa tunapakia mbao nikajikuta namwambia. Akaniambia hata Nabii Ibrahimu alimwomba Mungu amwonyeshe anavyofufua wafu. Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Ni Surat Al-Baqara, aya ya 260. Alinieleza hivyo huku anakaza kamba za mzigo, wala hakujaribu kunisilimisha. Moyo wangu utulie. Sijawahi kusikia mtu akitaja kwa maneno machache hivyo kile nilichokuwa nakitafuta, na alinipa bure, akawasha gari akaondoka.

Utauliza sasa hivi niko wapi. Sikudanganyi, nilishadanganya vya kutosha. Ule uhakika wa kuitwa kwa jina sijaupata. Kuna wiki nasali na najua nasikika, kama unavyojua mtu yumo chumbani hata kabla hujawasha taa. Kuna wiki ni kama ile Jumapili ya kwanza. Nilichobaki nacho kwenye wiki hizo ni yule baba wa Marko 9 mwenye mtoto mgonjwa, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia nenda kwanza ukamalize kuamini ndipo urudi. Mtoto aliponywa, na baba akiwa vilevile nusunusu. Mimi na mke wangu tunaisema sentensi hiyo kabla ya kulala, taa imezimwa, na aliye na imani siku hiyo anaisema kwa sauti zaidi.

Vitabu wengine watakutajia, humu kuna waliosoma kunishinda. Hiyo tiketi ukiwahi ofisini kwao jioni hii huenda wakakubadilishia tarehe, wakikataa iache ipotee, nauli si kitu. Hizo milioni 3 mwachie mkeo azishike usiku huu. Watoto wakilala mwambie, kwa maneno hayohayo uliyotuandikia sisi tusiokujua, usiyapambe. Akilia mwache alie. Akikuambia kitu ambacho hukutegemea, nyamaza umsikilize.

Na unywe maji, mkuu. Kesho saa 12 asubuhi, saa ya basi lako, nitakuwa hapa kabla sijafungua duka. Andika hata neno moja nijue uko nyumbani.