Kiungo wa madaraja ya chini Uingereza: uliza habari za Mei kabla ya mshahara

Vijana wengi wanaoniandikia huanza na swali la pesa. Kiungo wa League Two, daraja la nne la Uingereza, analipwa ngapi? Mimi huwarudisha kwenye kalenda. Mikataba ya wachezaji Uingereza huisha tarehe 30 Juni, na mwezi Mei klabu hutangaza nani anabaki na nani anaachwa. Daraja la nne au la tano, mkataba wako utakuwa wa mwaka mmoja, miwili ukibahatika. Maana yake kila Mei kibarua chako kiko mezani, hata kama wiki iliyopita mashabiki walikuwa wanaimba jina lako.

Nimepita humo. Nilizaliwa Tanga, nikakulia Midlands, katikati ya Uingereza, nikaingia akademi, nikapewa ile miaka miwili ya mafunzo inayoanza kijana akifikisha 16, nikaachwa nikiwa na 18 kama wanavyoachwa wengi. Baada ya hapo nikacheza dimba la kati madaraja ya chini mpaka magoti yakagoma. Siku hizi ni fundi umeme, na Jumapili nafundisha watoto mpira. Klabu zangu sizitaji. Moja bado ina deni langu la posho.

Kwa asiyeujua mpangilio: juu kuna Premier League yenye timu 20, halafu Championship, League One na League Two, kila moja timu 24. Jumla 92. Chini yake ni National League, daraja la tano, ambako klabu nyingi bado zinaajiri wachezaji wa muda wote. Kisha National League Kaskazini na Kusini, na kuanzia hapo kushuka utakuta wengi wenu ni walimu, madereva, mafundi bomba. Mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku, mechi Jumamosi.

Mada hii ikifunguliwa tu, mtu atamtaja Jamie Vardy, aliyepanda kutoka madaraja ya chini hadi Premier League. Sawa, lakini Vardy ni mshambuliaji. Mshambuliaji akifunga mabao 30 huhitaji kwenda uwanjani kumjua, unasoma gazeti. Kazi ya kiungo haiandikwi hivyo. Mfano wangu mimi ni Sam Clucas. Leicester City walimwacha akiwa kijana. Msimu wa 2012/13 alikuwa Hereford United, daraja la tano. Uliofuata Mansfield Town, la nne. Kisha Chesterfield, la tatu. Msimu wa 2015/16 yuko Hull City kwenye Championship, wakapanda, na Agosti 2016 anacheza Premier League. Madaraja matano, misimu mitano. Mwaka 2017 Swansea City walimnunua kwa takriban pauni milioni 15, na Januari 2018 akaifunga Arsenal mabao mawili Swansea waliposhinda 3-1.

Njia hiyo vijana huisoma kama hadithi ya bahati. Mimi naisoma kama hesabu ya dakika. Kila alipohama, alikwenda kucheza. Hakwenda kukaa benchi la timu kubwa ili mama apige picha na jezi. Na alicheza popote alipowekwa: katikati, pembeni, na Hull walimtumia hata beki wa kushoto. Ukiwa na miaka 19 na una ofa mbili, moja ya timu ya vijana ya klabu yenye jina, nyingine ya klabu ya daraja la tano ambayo kocha anakuambia utaanza Jumamosi, nenda kaanze Jumamosi. Makocha wa League Two hawaamini mechi za vijana. Wanataka kujua kama umewahi kukabana na mtu mzima mwenye kodi ya nyumba ya kulipa, ambaye bonasi ya ushindi kwake ni chakula cha watoto. Kama klabu kubwa imekung'ang'ania, omba wakutoe kwa mkopo ukacheze klabu nyingine, na uombe mapema.

Sasa uwanjani. Kiungo aliyelelewa akademi amezoea kupokea mpira mguuni, ageuke, atazame mbele. Shuka daraja la tano mwezi Januari, upepo unavuma, nyasi zimekuwa tope upande mmoja, na mpira uko hewani nusu saa nzima. Hapo kazi yako ni mpira wa pili: mabeki na washambuliaji wanarukia, wewe unasoma utaangukia wapi na unafika kabla ya mwenzako. Hilo linafundishika. Tazama mwili wa anayeruka, siyo mpira. Jifunze pia kucheza mguso mmoja ukiwa umeligeuzia mgongo lango la wapinzani, kwa sababu hutapewa muda wa miguso mitatu. Na ongea! Kiungo mkimya hata awe fundi kiasi gani, kocha wa huku humwona kama hayupo mchezoni.

Kadi nazo zina hesabu yake, na kiungo mkabaji ndiye anayeumia. Kwenye ligi za EFL, yaani Championship, League One na League Two, kadi tano za njano ndani ya mechi 19 za kwanza za ligi zinakufungia mechi moja. Kumi ndani ya mechi 37 zinakufungia mbili. Ukikosa mechi moja, kuna mtu anaingia nafasi yako, na timu ikishinda kocha hana sababu ya kubadilisha. Nimewaona watu wakipoteza msimu mzima kwa kadi ya kijinga ya kumzomea mwamuzi. Huko chini zaidi, kuanzia daraja la tisa, mwamuzi akichoshwa na mdomo wako anakutoa nje dakika kumi, na wenzako wanakimbia kwa niaba yako.

Kuhusu mkataba nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hudanganyika. Usisome tarakimu ya mshahara tu. Uliza kifungu cha kuongeza mwaka ni cha nani. Mara nyingi ni cha klabu peke yake: wao wakitaka unabaki kwa masharti yale yale, wasipotaka unaondoka. Uliza mshahara unakuwaje timu ikishuka daraja, kwa sababu mara nyingi unakatwa. Na kipo kile cha kusema ukianza mechi kadhaa mkataba unajiongeza wenyewe. Kinavutia, lakini kina mtego: ukikaribia idadi hiyo Machi, na klabu haina hela, ghafla unajikuta benchi na hakuna anayekueleza kwa nini. Bora uombe idadi ndogo, au uombe pesa kidogo zaidi sasa.

Ukishuka kwenye klabu za muda, zile za mazoezi ya usiku, wachezaji wengi hawana hata mkataba huo. Wanacheza kwa makubaliano yanayoweza kuvunjwa kwa notisi fupi. Kuumia humo ni kitu kingine kabisa. Jiunge na chama cha wachezaji, PFA, mara tu unapostahili. Kipo tangu 1907, kina wanasheria, na kinasaidia ada za masomo kwa wanachama na waliokwishastaafu. Vijana wanalipa ada ya chama halafu hawapigi simu hata siku moja. Shangaa nami.

Na klabu zenyewe hufa. Bury, iliyoanzishwa 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019, msimu umeshaanza. Wachezaji walikuwa wamekaa bila mishahara. Hereford United, ile ile aliyopita Clucas, ilivunjwa na mahakama Desemba 2014. Dalili huonekana mapema: mshahara unachelewa siku mbili, kisha wiki, kisha basi la safari linaghairiwa na mnaambiwa mje na magari yenu. Mshahara ukichelewa mara ya pili, anza kutafuta pa kwenda. Usisubiri hotuba ya mwenyekiti.

Ndiyo maana nasisitiza ufundi wa pembeni. Mchezaji wa muda wote daraja la nne anamaliza mazoezi saa saba au nane mchana. Mchana huo wengi wanaumaliza kwenye gemu na kamari, na kamari imewamaliza wengi kweli. Chukua kozi. Mimi nilianza ya umeme nikiwa bado nalipwa na klabu, wenzangu wakinicheka ndani ya gari tunalochangia mafuta kwenda mechi. Walioishia kuwa na furaha kati yetu si waliocheza juu zaidi, ni wale waliokuwa na kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi ya Julai.

Wa kwetu wapo kwenye madaraja haya. Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya, Kenya, aliyelelewa na Leeds United, alifunga bao la dakika za mwisho dhidi ya Brentford Julai 2020 lililoibakisha Barnsley kwenye Championship. Baadaye akapita Hartlepool na Bradford City, ndivyo ngazi hii ilivyo, inapanda na kushuka. Tarryn Allarakhia wa Taifa Stars amepita Crawley Town, Wealdstone na Rochdale. Lakini angalia: wote wawili walikulia Uingereza. Aliye Dar, Mombasa au Bujumbura ana mlango tofauti kabisa, na lazima niuseme wazi.

Tangu Januari 2021 klabu za Uingereza haziruhusiwi kusajili kutoka nje mchezaji aliye chini ya miaka 18. Aliyevuka hapo anahitaji idhini ya FA, chama cha soka cha England, inayotolewa kwa pointi, na pointi za timu ya taifa zinahesabiwa kwa nchi zilizo ndani ya 50 bora za FIFA. Sisi hatumo. Tangu 2023 klabu za League One na League Two zina nafasi mbili za upendeleo kwa wasiotimiza pointi, na nafasi hizo hawampi mtu waliyemwona kwenye video ya simu. Klabu ya muda, ya mazoezi ya usiku, haiwezi kukuletea kibali cha kazi. Na viza ya mwanafunzi inakataza kucheza mpira wa kulipwa, hata kufundisha kwa malipo.

Kwa hiyo yule anayekuambia utoe shilingi milioni kadhaa akupeleke "majaribio" England, muulize namba yake ya leseni ya uwakala, kisha itafute kwenye orodha ya FIFA. Klabu inayokutaka haikutozi ada ya majaribio. Barua ya mwaliko yenye nembo ya klabu hutengenezwa kwa simu kwa dakika tano.

Aliye na mkataba mezani na anataka jicho la pili, anitumie. Afunike jina la klabu na jina lake kwanza, na asisaini usiku huo huo hata wakimwambia dirisha la usajili linafungwa.